Mtu Mzima Asiyeweza Kula

(Maneno tuliyosema katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Leo hatukuja na habari za ng'ombe wa maziwa wala za mikopo. Tumekuja kuungama kosa. Kikundi chetu kikimaliza mkutano hula pamoja kwa mwenye zamu. Mwenzetu mmoja, mama wa watoto wanne, akawa hali. Chai tu, basi. Tukasema ana madharau. Wengine, ati anaogopa kurogwa. Tukaamua kumtoza shilingi 50 kila akikataa sahani. Akawa analipa na kunyamaza, huku nguo zinamlegea.

Kumbe mwaka uliotangulia alikwamwa na nyama kooni matangani, akakosa pumzi mpaka akapigwa mgongoni. Tangu siku ile, kitu kigumu kikifika mdomoni, koo linajifunga. Akabaki na uji na chai. Alipoanguka shambani ndipo tukambeba hospitali.

Huko walianza na koo lenyewe, na walifanya vizuri. Saratani ya umio ipo sana katika sehemu kadhaa za Kenya, na mtu anayeshindwa kumeza lazima achunguzwe kwanza. Koo lake lilikuwa zima. Daktari akatuambia huu ni ugonjwa wa kukwepa chakula, wao huuita ARFID. Madaktari wa akili wa Marekani waliutia katika kitabu chao cha magonjwa mwaka 2013, na umo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu 2022. Mgonjwa hajikondeshi apate umbo, la. Mmoja anaogopa kukwamwa au kutapika. Mwingine harufu ya chakula, au jinsi kilivyo ulimini, inamshinda kabisa. Mwingine hasikii njaa. Tena si watoto peke yao: wako watu wazima walioanza utotoni, wakaitwa wachaguzi miaka yote.

Sasa sikieni hapa vizuri. Sisi tulitaka kumpelekea sufuria nzima ya wali na kuku. Muuguzi akatukataza. Mtu aliyekaa na njaa siku nyingi akishindiliwa chakula, madini ya damu kama fosfeti na potasiamu hushuka ghafula, na moyo unaweza kusimama. Kwa hiyo walimpa vitamini B1, wakaanza na chakula kidogo, wakapima damu mara kwa mara.

Kazi ya koo kujifunga ikafuata. Chakula anachokiogopa kinawekwa mezani, anakiangalia tu. Kesho anakishika, ananusa. Halafu ulimi, halafu kutafuna na kutema, mwisho kumeza kipande kama punje ya mahindi. Hofu inapanda, anaingoja ishuke, haondoki mezani. Na chakula anachagua mwenyewe, hakuna kulazimishwa. Huko Boston, Marekani, wataalamu wa Massachusetts General Hospital wametunga matibabu ya namna hii ya vikao 20 hadi 30. Aliyezidiwa hulazwa, au huja hospitali kila siku akala huko milo yake na muuguzi kando yake. Lakini wodi nyingi za nchi hizo zilitengenezwa kwa wagonjwa wanaoogopa kunenepa, basi mtu kama mama yetu huketi akisikiliza mazungumzo ya umbo yasiyomhusu. Kwetu sisi hiyo ni kama kumpa mwenye malaria dawa ya minyoo.

Mwenzetu alilazwa wiki tatu. Alianza na maziwa, kisha ndizi iliyopondwa, kisha ugali laini na mchuzi. Sasa anakula maharagwe. Nyama bado anaiangalia tu. Siku ya zamu tunampakulia kidogo kwenye kisahani, tunaendelea na maongezi, hakuna anayemhesabia matonge. Faini zake, shilingi 600, tulimrudishia mkutano uliofuata, na mweka hazina akaandika katika kitabu kwamba zilitozwa kwa makosa.