Mtoto Anaposhuka Mgongoni: Mazungumzo na Wazazi Juu ya Gardiene



Komite imeniomba niseme kidogo juu ya gardiene, sababu Septemba inakaribia na wazazi wanauliza kama waandikishe watoto ao wangoje. Ninazungumza kama mtu wa terrain anayepita nyumba kwa nyumba, lakini pia kama mama wa mtoto wa miaka 4.

Nianze na woga, maana ndiyo tunayoficha. Kuko mama mmoja aliniambia: «Mimi siwezi acha mutoto yangu kwa mutu sijue.» Wengine wakacheka. Mimi sikuona cha kucheka. Sisi wa Fizi na Uvira tunajua mwaka 1996 ulikuwa namna gani, na 1998 tena. Tunajua ile kelele ya watu kwenye kando ya ziwa, na mkono wa mtoto unaoponyoka kwako. Kuko jamaa hapa ambazo mpaka leo zina jina la mtoto zisilojua alifikia wapi. Wengi wetu tulikua Lugufu ao Nyarugusu, na kuanzia 2005 tukarudi na meli kutoka Kigoma mpaka Baraka. Njia yote hiyo, mama alifunga mtoto na kitenge, akakaza. Kitenge kile kilikuwa usalama. Basi mama ambaye leo anakataa kukifungua asiitwe mjinga. Anafuata somo alilofundishwa na vita.

Woga wa pili ni mfuko. Toka Septemba 2019, masomo ya primaire ya serikali ni bure. Gardiene hapana. Sheria ya 2014 inaitambua, ni ya watoto wa miaka 3 mpaka 5, lakini si lazima, na karibu kila mahali mzazi ndiye anayelipa. Tena angalieni kalenda: makuta yanaombwa Septemba, wakati mvua inaanza na kila kitu tulicho nacho kimeingia udongoni, mbegu ya mahindi na ya maharagi. Mzazi asiyelipa mwezi ule si kwamba hapendi mtoto wake. Makuta yake bado hayajaota.

Woga wa tatu ni wa wazee. Koko mmoja alisema: «Atarudi na bonjour, Kibembe itakufa.» Jibu langu ni kwamba hata primaire, miaka ya kwanza, mtoto anapaswa kufundishwa katika lugha ya taifa, na kwetu huku ni Kiswahili. Gardiene nzuri inaimba Kiswahili na Kibembe, inachezesha watoto, inawahadithia. Na nani anajua hadithi kuliko koko? Basi aje siku moja kwa wiki, akae chini ya mwembe, ahadithie. Atakuwa mwalimu, na atatusaidia kuangalia watoto.

Sasa niseme upande mwingine. Kule gardiene haiko, kazi ya kulinda mtoto haikosi mtu. Anaifanya dada yake. Ninapopita asubuhi ninamkuta msichana wa miaka 9 ameketi mlangoni na mdogo wake mgongoni. Mama ameenda shamba, baba ameenda kuvua ndagala. Ukimuuliza kwa nini hakuenda masomo, anaonyesha mtoto tu. Masomo yake ni bure, sheria inasema hivyo, lakini mgongo wake umeshikwa. Kwa hiyo tukihesabu bei ya gardiene, tuhesabu pia huyu msichana. Mdogo akikaa nyumbani, mara nyingi wanakaa wawili.

Na mimi je? Wiki ya kwanza mtoto wangu alilia, na mimi nililia nikiwa juu ya moto, kofia ikinificha uso. Wiki ya pili aliniachia mkono akakimbia kwa wenzake, hakugeuka. Nilifurahi, na palepale niliumia. Jirani yangu akanicheka: «Unataka akulilie mpaka lini?» Sikuwa na jibu. Ninawaambia hivi ili mama atakayesikia vitu viwili mara moja moyoni asifikiri kwamba yeye ni mbaya. Ni kawaida.

Lakini kumtuliza mzazi kwa maneno peke haitoshi. Ninaleta mambo manne mbele ya shirika.

Kwanza, kila mtoto awe na majina ya watu wawili tu wanaoruhusiwa kumchukua, yameandikwa kwenye daftari ya mama mwalimu. Asiyekuwa ndani ya daftari, hata akisema yeye ni mjomba, harudi na mtoto.

Pili, siku za kwanza mama akubaliwe kuketi ndani. Siku ya kwanza asubuhi nzima, kisha nusu, kisha saa moja. Mtoto ajifunze kwamba anayeondoka anarudi. Na asitoroke kimyakimya! Amwage kwa sauti, hata kama mtoto atalia.

Tatu, watoto wa avenyu moja watembee pamoja na mtu mzima mmoja, kwa zamu. Wakati wa mvua vijito vyetu vinajaa haraka, na mtoto wa miaka 4 hapaswi kuvuka peke yake.

Ine, malipo yafuate mavuno. Mzazi alipe kidogo kidogo, na anayetaka kuleta mahindi ao mihogo apokelewe. Yaende kwenye uji wa watoto.

Kwenu wafadhili, niseme waziwazi. Mnapenda kutujengea nyumba na kuweka kibao mbele. Aksanti, nyumba inahitajika. Lakini nyumba haipangusi makamasi. Mama mwalimu mmoja mwenye watoto wengi, asiyelipwa miezi mingi, ataondoka aende kuuza sokoni kama kila mtu, na yule mtoto aliyezoea mkono wake ataanza kulia upya. Mkiweza kusaidia jambo moja, saidieni malipo ya hawa wamama yasikatike.

Na kwa wazazi: msipime gardiene kwa herufi ngapi mtoto anaandika. Mpimeni kama anacheza, anakula, anasema na wenzake, anataka kurudi kesho.

Mama ambaye bado hayuko tayari, tusimsukume. Aje na kitenge chake na mtoto ndani, aketi nasi. Daftari ya kuandikisha iko kwa sekretere wa shirika, na mambo yale manne ninaomba yajadiliwe kwenye mkutano mkuu mbele ya Septemba.