MAZUNGUMZO: WIKI YA KAZI YA MWAKILISHI



Baraza la Wawakilishi, lililoanza kazi zake Januari 1980 na ambalo sasa hukutana Chukwani, aghlabu hujulikana kwa wananchi kupitia redio na televisheni: Spika yuko kitini, Waziri amesimama, karatasi mkononi. Hiyo ni sehemu tu ya kazi. Mazungumzo haya yanakusudia kueleza namna wiki ya Mwakilishi inavyokwenda, na namna vipaumbele vya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar vinavyopita mikononi mwake.

Majimbo ya uchaguzi ni 50, na 18 kati ya hayo yako Pemba. Kwa Mwakilishi wa huko, wiki ya Baraza huanza kwa safari ya kuvuka bahari.

Mwisho wa wiki ni wakati wa jimbo. Wenye haja hufika mlangoni kabla jua halijapanda. Mmoja anaeleza kuwa kisima cha shehia kimekauka, mwengine skuli ya kijiji haina madawati, wa tatu anafuatilia pasi ya kusafiria. Hili la tatu, kwa hakika, si la Baraza la Wawakilishi. Uraia, uhamiaji na polisi ni mambo ya Muungano; mahali pake ni Bunge, na wa kuendewa ni Mbunge wa jimbo. Wananchi wengi hawaioni tofauti hiyo, wala si ajabu, kwani wote wawili waliomba kura kwa pamoja. Mwakilishi mwema humwelekeza mwenye haja pale panapostahiki. Asiyekuwa hivyo huitikia kila jambo, na mwenye haja hurudi wiki ya pili, na ya tatu.

Baraza lisipokuwa na mkutano, wajumbe huwa katika kamati za kudumu. Huwaita watendaji wa wizara, na huenda kuikagua miradi pale ilipo. Unapofika mkutano wa bajeti, unaoanza mwezi wa Mei, kazi huwa nzito zaidi, kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai na fedha hazitoki bila ya idhini ya Baraza. Mjumbe makini huweka mezani vitabu viwili: cha mwaka huu na cha mwaka uliopita. Pembeni huweka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Ni katika vitabu hivyo ndipo vipaumbele vinapoonekana. Tangu mwaka 2020 Serikali ya Awamu ya Nane imeutanguliza uchumi wa buluu, yaani uvuvi, mwani, utalii wa pwani, bandari na rasilimali nyengine za bahari, na ikaiundia sekta hiyo wizara. Kwa akinamama wa pwani ya mashariki ya Unguja, ambako kilimo cha mwani kilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, jina hilo kubwa lina maana ndogo na ya karibu: bei ya kilo moja, na maji ya maji-mafu ambayo yamezidi joto hata mwani wa thamani ukaoza kambani. Mwakilishi anayeyajua haya hauliza fedha kiasi gani zimetengwa tu. Huuliza zimefika wapi.

Kipaumbele chengine ni Pensheni Jamii, iliyoanza Aprili 2016 kwa wazee waliotimiza miaka 70, kwa kiwango cha shilingi 20,000 kwa mwezi, ambacho baadaye kiliongezwa. Mzee hapana budi athibitishe umri na ukaazi wake. Wapo waliozaliwa wakati ambao uzazi wa kijijini haukuandikwa popote, na shida ya mmoja wao ndiyo inayogeuka swali Barazani.

Hapa ndipo mtumishi anapoingia. Swali hupelekwa wizarani kabla ya kikao, na jibu atakalolisoma Waziri huandaliwa na ofisa ambaye jina lake halitatajwa. Ofisa huyo ana njia mbili. Ya kwanza ni kuandika kwamba "suala hilo linafanyiwa kazi". Sentensi hiyo haina kosa la lugha wala la adabu, nayo huimaliza kazi yake kabla ya adhuhuri. Ya pili ni kumpigia simu sheha, kulitafuta faili, na kuandika lilipokwama, nani analishughulikia na lini litakwisha. Njia hii hula siku nzima, na pengine huudhi wakubwa. Lakini ndiyo pekee inayomwezesha Waziri kulikabili swali la nyongeza, ambalo halina taarifa ya mapema.

Watumishi wengine hulichukulia swali la Mwakilishi kuwa ni shutuma. Si hivyo. Ni haja ya mwananchi iliyovuka ngazi zote za chini bila ya kupata jibu.

Kila kinachosemwa huandikwa katika Taarifa Rasmi za Baraza na kuhifadhiwa. Mjumbe aliyejibiwa leo anaweza kuifungua mwakani, ukurasa ule ule, na kumsomea Waziri maneno yaliyoandaliwa na ofisa huyo, tarehe yake ikiwa juu.