Hema la Mlimani, Hema la Ufukweni

Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, unalala kwenye vibanda. Njia ya Machame ni hema tu, na kambi ya Barafu, iliyo zaidi ya mita 4,600, ndiyo inayoumbua mahema ya bei poa. Upepo wa kule hauna huruma: fito za faiba hupasuka, za alumini aghalabu hupinda tu.

Dukani wakikwambia "la watu wawili", jua hao wawili wamebanana ubavu kwa ubavu na mabegi yako nje. Chukua la watatu.

Asubuhi unakuta matone ndani, unadhani hema linavuja. Kumbe ni pumzi zenu! Mvuke umegusa kitambaa baridi ukawa maji. Tafuta hema la tabaka mbili zisizogusana, lenye matundu ya hewa kwa juu, na usiyazibe hata baridi ikikung'ata.

Ufukweni, Kigamboni kwa mfano, mambo ni tofauti: unataka wavu mwingi, upepo upite, mbu wabaki nje. Vigingi vyembamba havishiki mchangani, basi funga kamba kwenye mfuko uliojaa mchanga, kisha uufukie.

Kabla ya safari, lisimamishe hema lako uani, ulimwagie ndoo ya maji, halafu ingia ndani upapase mishono.