Kutoka: Mavazi, Muziki na Safari katika Lugha ya Wasichana wa Mpanda



Kitenzi kimoja kinatosha kubeba mada ya leo. Msichana wa Mpanda anapovaa gauni jipya akapigwa picha, rafiki yake humwambia, "Umetoka!" Pengine huongeza: umetoka bomba. Mwanamuziki ambaye jana hakujulikana, wimbo wake ukianza kupigwa redioni, husemwa kuwa ametoka. Na yule aliyepanda treni kuelekea Tabora, akabadilisha na kushika njia ya Dar es Salaam, naye ametoka. Mavazi, umaarufu na safari, mambo matatu ambayo wazee huyataja pamoja wanapowalaumu vijana, yamekwisha kukutana katika neno moja kabla ya mlaumu kufungua kinywa.

Msichana anayetajwa humu si mtu fulani mwenye jina. Ni msemaji wa kawaida wa Kiswahili cha Katavi, mwenye miaka kati ya 17 na 25, ambaye nyumbani kwake huenda inasikika lugha nyingine: Kibende, Kikonongo, Kipimbwe, Kifipa, Kisukuma au Kirundi. Mkoa wa Katavi ulimegwa kutoka Mkoa wa Rukwa mwaka 2012, na Mpanda ndiyo makao makuu yake. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 564,604 mkoani humo. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,152,958. Idadi imeongezeka zaidi ya maradufu katika miaka 10. Ni vyema takwimu hizo zikumbukwe, kwa sababu wengi huiona Mpanda kuwa ni mwisho wa reli, mahali ambapo watu hutoka tu, ilhali wanaoingia ni wengi mno.

Tukirudi kwenye kitenzi chenyewe, Kiswahili kina *kuondoka* na kina *kutoka*, na viwili hivi si sawa. Anayeondoka huacha mahali. Anayetoka huvuka mpaka baina ya ndani na nje, na kwa kuvuka huko huonekana. Ndiyo maana jasho hutoka, gazeti hutoka, jua hutoka, na matokeo ya mtihani hutoka. Neno *matokeo* lenyewe ni mtoto wa kitenzi hiki kwa kupitia *kutokea*, na kwa msichana aliyemaliza Kidato cha Nne matokeo ndiyo mlango wa kwanza wa kutoka. Yaelekea "umetoka" ya picha ilianzia studio, enzi za filamu, pale mteja alipongojea siku kadhaa ndipo aulize kama picha imetoka. Baadaye sifa ya picha ikahamia kwa mwenye sura. Hakuna uharibifu wa lugha hapo. Msichana amefuata mantiki ya mababu zake kwa uaminifu kuliko mwalimu anayemkosoa kwa wino mwekundu.

Kitenzi hicho kina sifa nyingine ambayo wanafunzi wa sarufi wanaifahamu lakini nadra huishangaa. Mtu akisema "natoka Mpanda", anaweza kuwa anataja asili yake, na anaweza kuwa anasema kwamba ameiacha Mpanda nyuma. Kudai mahali na kuachana na mahali hutamkwa kwa sauti zilezile. Jambo hili litahitajika mbele.

Kuhusu mavazi, pa kuanzia ni sokoni. Sehemu kubwa ya nguo za mtindo zinazovaliwa Mpanda, kama ilivyo katika miji mingine ya Tanzania, ni mitumba. Mtumba hapo zamani ulikuwa furushi la nguo au bidhaa lililofungwa ili libebwe na mpagazi wa msafara. Katika karne ya 19 misafara hiyo ilipita nchi hizihizi, kati ya pwani, Tabora na Ziwa Tanganyika, na Wanyamwezi walisifika kuliko wote kwa upagazi. Leo robota la nguo zilizovaliwa Ulaya au Marekani hufunguliwa sokoni, na kazi ya msichana huanza hapo: kuchambua, kupima kwa macho, kukataa, kuchagua, kisha kupeleka kwa fundi cherehani apunguze kiuno. Nguo hizo ziliwahi kuitwa pia *kafaulaya*, yaani za marehemu wa Ulaya. Zambia, jirani wa kusini, wanaziita *salaula*, neno la Kibemba lenye maana ya kuchagua kwa kupekua. Wazambia walitazama mkono wa mnunuzi. Waliobuni *kafaulaya* walitazama maiti ya mvaaji wa kwanza. Katika hili Wazambia walikuwa na haki zaidi.

Uchaguzi huo una thamani ya kiuchumi, lakini pia una historia ya ugomvi. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ambayo kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ingepiga vita minisketi, mawigi, suruali za kubana na krimu za kujichubua. Barua nyingi za wasomaji zilichapishwa magazetini, nyingine zikiunga mkono, nyingine zikihoji ni nani aliyewapa vijana wa kiume mamlaka ya kupima sketi za dada zao. Mwanahistoria Andrew Ivaska ameonesha kwamba hasira ile haikuhusu kitambaa peke yake. Ilihusu wasichana waliopata kazi za ofisini mjini na kipato chao wenyewe, wakawaudhi wanaume waliobaki bila kazi. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba vazi lililohukumiwa kuwa la kigeni lilivaliwa na watu waliokuwa wakifanya jambo la kienyeji kabisa, yaani kujitegemea. Miaka 50 hivi baadaye hoja ilirudi kwa sura ya biashara: mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua hadi mwaka 2019, Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru, na Rwanda peke yake ndiyo iliyoshikilia msimamo hadi nguo zake zikasimamishwa katika nafuu hiyo mwaka 2018. Si rahisi kukumbuka mahali ambapo wachambuzi wa mitumba wa Mpanda waliulizwa.

Muziki unahitaji maneno machache tu, kwani umekwisha kuandikiwa mengi. Redio na televisheni za watu binafsi zilipoanza katika miaka ya 1990, Bongo Fleva ilienea nchini kwa kasi, na pamoja nayo Kiswahili cha vijana wa Dar es Salaam. Jina la jiji, *Bongo*, ni ubongo uliokuzwa kwa kuvuliwa kiambishi: mahali ambapo asiye na akili hawezi kuishi. Msichana wa Katavi hakuupokea muziki huo kama mgeni. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, mkoa jirani, walikusanyika na kutoa wimbo "Leka Dutigite", wenye jina la Kiha. Diamond Platnumz alikuwamo. Baadaye kampuni yake ikaitwa Wasafi. *Usafi* katika neno hilo umevuka sabuni na kufika kwenye mvao, na hapa ushairi wa mtaani unasema kitu ambacho kila binti anayepiga pasi blauzi ya mtumba kwa pasi ya mkaa anakijua: kupendeza ni kazi, na hufanyika kabla ya kutoka.

Baada ya mavazi na muziki, fikra hugeukia safari. Maneno yenyewe ya safari yanastahili kusikilizwa kwa utulivu. La kwanza ni *Ulaya*. Wanaisimu wanalirudisha kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya jimbo au eneo la utawala, neno lilelile lililotupa *wilaya*. Kwa hiyo msichana aliyezaliwa katika Wilaya ya Mpanda akaota kwenda Ulaya anatamka mzizi mmoja mara mbili. Wahindi nao walilitumia neno hilo kwa nchi ya watawala wao Waingereza. Ulaya, kwa asili ya neno, haikuwa paradiso. Ilikuwa mahali pa mamlaka, kule zinakotoka amri.

Neno lingine linachekesha zaidi, na wenyeji wa Katavi wanalicheka kwa haki. Katika lugha ya mtaani ya Tanzania, Marekani huitwa *Unyamwezini*. Ramani inakataa: Unyamwezi halisi uko Tabora, na reli ya Mpanda inaungana na ile ya Kigoma huko Kaliua, baada ya takriban kilomita 210. Binti aliyepanda treni Mpanda amefika Unyamwezini bila pasipoti. Hata hivyo, utani huo una kina. Watanzania walio Marekani na Uingereza wanaofanya kazi za mikono husemwa kuwa *wanabeba boksi*. Mnyamwezi wa karne ya 19 alibeba mtumba. Si lazima kudai kwamba usemi mmoja umezaa mwingine. Inatosha kutambua kwamba lugha ya mtaani, ambayo hudhaniwa kusifu ughaibuni bila kufikiri, imeweka mzigo mabegani mwa msafiri tangu mwanzo.

Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, neno linalotumika ni *ng'ambo*, na ng'ambo hapo ni Kongo. Vitenge na muziki wa dansi vimevuka maji hayo kwa vizazi. Vivyo hivyo watu. Daktari na katekista Adrian Atiman, aliyezaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akasomeshwa udaktari Malta, alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880 na akafa huko mwaka 1956. Kwa msichana wa Karema anayeuliza kama mtu anaweza kuishi maisha yake yote mbali na alikozaliwa na bado akaitwa mtu wa hapa, jibu limezikwa kijijini kwake.

Lakini neno linalodai uangalifu mkubwa ni *ughaibuni*. Limetokana na *ghaibu*, yaani kutokuwapo, kutoonekana. Ndilo lile la kusoma kwa ghaibu, bila kitabu mbele ya macho. *Kutoka* huahidi kuonekana. *Ughaibuni* husema kwamba aliyetoka haonekani tena. Maneno haya mawili yanapingana, na kupingana kwao kumewagharimu watu. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania wa kike walioajiriwa majumbani Oman na Falme za Kiarabu ilieleza waajiri waliochukua pasipoti, saa nyingi za kazi, mishahara iliyopunjwa na wanawake waliokatazwa kuvuka mlango. Ajira hizo kwa Kiswahili huitwa *kazi za ndani*. Msichana ametoka kijijini, ametoka mkoani, ametoka nchini, na mwishoni amefika mahali ambapo hawezi kutoka. Picha aliyoituma wiki ya kwanza, akiwa amevaa vizuri mbele ya jengo refu, bado iko katika simu ya mdogo wake, na chini yake yameandikwa maneno: dada umetoka.

Wapo wanaohitimisha kutokana na habari za namna hiyo kwamba dawa ni kumzuia binti asitamani. Hoja hiyo ni dhaifu. Wazuiaji wa mwaka 1969 nao walidai kuwalinda wasichana. Anachohitaji msafiri ni mkataba ulioandikwa kwa lugha anayoisoma na namba ya ubalozi, na hayo hayapatikani kwa kurefusha sketi.

Imebaki sehemu ya Katavi ambayo bila hiyo mjadala wote huu ungekuwa wa juujuu. Mwaka 1972 mauaji nchini Burundi yaliwafukuza maelfu ya watu wakaingia Tanzania. Makazi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973 na Mishamo mwaka 1978, yote katika eneo ambalo sasa ni Katavi. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo na katika mji wa Kigoma katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake cha mwaka 1995 kimekuwa rejea kuu. Aliona kwamba wakimbizi wa makazini walijitambua kama taifa lililo uhamishoni na kuisimulia historia yao mara kwa mara, ilhali wale wa mjini walipenda kuchanganyika na kutotambulikana. Kwa wale wa kwanza, *Kutoka* lilikuwa pia jina la kitabu cha pili cha Biblia, na si kwa mzaha.

Mwaka 2007 wakimbizi hao wa zamani waliulizwa wachague: kurejea Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Walio wengi waliomba uraia, na takriban watu 162,000 walikubaliwa mwaka 2010, ingawa vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014 tu. Katika miaka minne hiyo ya kungoja, binti wa Katumba aliyeulizwa shuleni au kituo cha basi "unatoka wapi?" alikuwa na jibu lisilotosha popote. "Natoka Katumba" ni kweli kwa maana zote mbili za kitenzi, lakini muulizaji mara nyingi alikuwa akitafuta maana ya tatu. Si ajabu kwamba wasichana hao walijifunza mapema kuvaa na kusema kama watu wa mjini. Nguo ya kisasa haina kabila, na Kiswahili cha Bongo Fleva hakimwoneshi mtu bibi yake alikozaliwa.

Wengine, zaidi ya 50,000, walirejea Burundi, wengi wao mwaka 2008 na 2009. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliosoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza na kukuta shule za Kirundi na Kifaransa. Aliyezaliwa Mishamo mwaka 1990 akapanda gari na wazazi wake kuelekea huko aliandikwa kwenye fomu kuwa anarudi nyumbani. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa mara ya kwanza kutoka.