Vijana Watatu Waliosubiriwa

Kabla sijaanza, fungua daftari lako, uchonge na kalamu, maana leo tutasoma na vile vile tutafanya hesabu kidogo.

Jambo letu la leo ni mchezo wa kriketi. Pengine umewaona watu wakiucheza Nairobi au Dar es Salaam, wamevaa nguo nyeupe, nawe ukapita njia yako ukijiuliza wanafanya nini juani siku nzima. Nitakueleza kwa maneno machache. Mtu mmoja hurusha mpira mgumu. Mwingine ameshika gongo la mti, na nyuma yake vimesimikwa vijiti vitatu. Kazi yake ni kuupiga mpira, asiuache uvipige vijiti. Akiupiga mbali, yeye na mwenzake hukimbia, kila mmoja akaenda upande wa pili. Kila wakipishana salama, wanapata mkimbio mmoja. Vijiti vikipigwa, au mpira ukidakwa kabla haujagusa chini, mpigaji anatoka, mwingine anaingia. Mechi kubwa za mataifa huitwa Testi, nazo huweza kuchukua siku tano. Hayo yatosha.

Sasa tega sikio. Katika mwezi wa Februari, mwaka 1988, watoto wawili wa shule moja ya Bombay, mji unaoitwa sasa Mumbai, walisimama pamoja kiwanjani wakashindikana kutolewa. Mmoja ni Sachin Tendulkar, wa miaka 14. Wa pili ni Vinod Kambli, wa miaka 16. Pamoja walipata mikimbio 664. Tendulkar alikuwa na 326, Kambli 349. Jumlisha mwenyewe: utapata 675. Mbona ni zaidi ya 664? Si kosa la mpiga chapa. Walipokutana, mmoja wao alikuwa amekwisha kupiga kidogo.

Tangu siku hiyo magazeti ya India hayakuwapa nafasi ya kupumua. Mwalimu wao, Ramakant Achrekar, alikuwa na njia yake ya kumfundisha Tendulkar. Aliweka sarafu ya rupia moja juu ya kijiti. Mrushaji akimtoa Tendulkar, sarafu ni yake. Tendulkar akimaliza zamu bila kutolewa, sarafu ni ya Tendulkar. Alijipatia sarafu 13 kwa namna hiyo, akaziweka kwa heshima kuliko zawadi nyingine.

Timu ya taifa ilimwita akiwa na miaka 16. Testi yake ya kwanza ilianza Karachi, tarehe 15 Novemba, 1989. Alipata mikimbio 15 tu, kisha Waqar Younis wa Pakistan akaviangusha vijiti vyake. Waqar naye ilikuwa Testi yake ya kwanza. Mwezi wa Desemba, huko Sialkot, mpira wa Waqar ulimpiga Tendulkar puani, damu ikatoka. Watu walidhani atatoka nje. Hakutoka. Aliendelea mpaka akafikisha 57.

Sasa tumwache huyo, twende kwa wa tatu, maana habari yake ndiyo inayonigusa mimi zaidi. Jina lake Graeme Hick. Alizaliwa mwaka 1966 katika mji unaoitwa leo Harare, mtoto wa mkulima wa tumbaku. Alipokuwa na miaka 17, Zimbabwe ilimchukua katika kikosi chake cha Kombe la Dunia la 1983. Lakini siku zile Zimbabwe haikuwa na haki ya kucheza Testi. Iliipata mwaka 1992. Kijana aliyetaka Testi hakuwa na budi kutafuta nchi nyingine. Hick alikwenda Uingereza, akajiunga na timu ya Worcestershire. Sheria ilimtaka akae miaka saba kwanza.

Fikiri, ndugu yangu, miaka saba! Na miaka hiyo hakukaa bure. Mwezi wa Mei, 1988, katika mji wa Taunton, alipiga mikimbio 405 katika zamu moja, wala hakutolewa. Kabla ya kuingia Testi alikuwa amekwisha kufikisha mikimbio 100 katika zamu moja zaidi ya mara 50. Waingereza walimsubiri kama wakulima wanavyosubiri mvua. Wengine waliandika kwamba atakuwa mkuu wa wapigaji wote. Mimi naona walimtwika mzigo ambao yeye hakuuomba.

Siku ikafika, Juni 1991, katika kiwanja cha Headingley, dhidi ya West Indies. Wale walikuwa na warushaji wa mbio za kutisha, na Curtly Ambrose, mtu mrefu sana, alimtoa mara nyingi. Andika hesabu zake za kiangazi kile, zamu kwa zamu: 6, 6, 0, 43, 0, 19, 1. Jumla ni 75. Alitolewa mara zote saba. Sasa gawanya 75 kwa 7: unapata karibu 11. Hiyo huitwa wastani, yaani kadiri anayopata mtu kila anapotolewa. Mpigaji mzuri wa Testi huwa na wastani wa 40 au zaidi. Hick akaachwa nje.

Mwezi wa Februari, 1993, Uingereza ilikuja kucheza Bombay. Katika kiwanja kimoja wakakutana wote watatu. Hick, aliyekuwa amerudishwa katika timu, alipiga 178. Hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kufikisha 100 katika Testi. Tendulkar alipiga 78. Kambli, ambaye ndiyo kwanza ameingia Testi mwaka huo, alipiga 224. Testi iliyofuata, Delhi, akapiga 227. Ungaliwauliza watu wa Bombay siku hizo nani atakwenda mbali zaidi, wengi wangalisita kujibu.

Hick alicheza Testi 65, wastani wake ukawa 31. Katika mechi za kawaida za Uingereza hakuchoka mpaka 2008, na jumla yake ya mechi zote za daraja la kwanza ilipita mikimbio 41,000. Tendulkar alistaafu mwaka 2013 baada ya Testi 200, na mikimbio 15,921. Kambli alicheza Testi 17 tu. Ya mwisho ilikuwa mwaka 1995, naye alikuwa na miaka 23.

Kazi ya nyumbani ni hii. Kambli alipata mikimbio 1,084 katika Testi, akatolewa mara 20. Tafuta wastani wake. Kisha tafuta wa Tendulkar: 15,921, alitolewa mara 296. Zitazame namba hizo mbili zikiwa pamoja. Halafu andika mistari mitano: kama wewe ungalikuwa mchaguzi wa timu ya India baada ya mwaka 1995, ungalifanya nini na Kambli? Tutayasoma majibu juma lijalo. Kwaherini.