Fulu Huyu ni Nani, na Thamani Yake ni Ipi?

Ifuatayo ni hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wanachama wa BMU, wauzaji wa samaki na vijana wanaoishi kandokando ya Ziwa Kanyaboli.



Nimeombwa nizungumzie swali ambalo vijana wetu wanauliza. Mvuvi anainua wavu, na katikati ya ngege anaona kisamaki kinachong'aa kwa rangi, kidogo kuliko kiganja. Zamani kingetupwa kwenye fungu la fulu, kikauke juani, kiuzwe kwa mboga. Lakini leo wako watu wanaotafuta samaki hai wa kufuga kwenye matangi ya vioo, na wengine wako tayari kulipa. Kijana anajiuliza: huyu ni nani, na nikimuuza nidai pesa ngapi?

Mimi nilisomea uandishi wa habari, wala si elimu ya samaki. Hata hivyo, wataalamu wa uvuvi waliponieleza kazi yao niliona inafanana na yetu. Sisi tunauliza nani, nini, wapi, lini na vipi. Habari isiyo na mahali wala tarehe ni uvumi tu. Samaki naye ni hivyo hivyo.

Tuanze na nani. Ngege na fulu ni wa familia moja, inayoitwa Cichlidae. Ukitaka kuitambua familia hii, mtazame samaki puani: ana tundu moja tu kila upande, ilhali samaki wengine wengi wana mawili. Kisha tazama mstari wa ubavuni. Umekatika vipande viwili, cha mbele kiko juu na cha nyuma kiko chini kidogo. Kutofautisha ngege na fulu si kazi ngumu. Ngege mchanga ana doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongoni. Fulu dume ana madoa ya manjano au ya machungwa kwenye pezi la chini, yanayofanana na mayai. Jike lake hubeba mayai mdomoni, na mara nyingi ana rangi ya kijivu tu.

Hapo ndipo ugumu unapoanza. Majike ya aina nyingi za fulu yanafanana kabisa. Madume nayo hubadilika: dume aliyeshindwa na mwenzake hufifia, na akifa rangi hupotea upesi. Ndiyo maana mtaalamu hatosheki na rangi. Anahesabu miiba ya mapezi, anapima kichwa na taya, na anachunguza meno, pamoja na yale yaliyo kooni. Fulu anayevunja konokono hana meno sawa na anayekula mimea. P. H. Greenwood, mtaalamu wa makumbusho ya London, alizichambua aina za fulu za Ziwa Victoria kwa njia hiyo kwa miaka mingi.

Mfano mzuri tunao hapa nyumbani. Mwaka wa 1966 Greenwood alimweleza kitaalamu fulu mmoja, ambaye leo anaitwa Xystichromis phytophagus. Neno la pili maana yake ni mla mimea. Samaki huyo anaishi katika Ziwa Kanyaboli, na wafugaji wa ng'ambo wamempa jina la Fulu wa Krismasi kwa sababu ya rangi za dume lake. Jina fulu wamelichukua kutoka kwenu. Samaki ambaye hapa anahesabiwa kwa fungu, kule mtu anamnunulia tangi, taa na chakula maalum, na anamjua kwa jina.

Sasa tuje kwenye thamani. Samaki asiye na jina huuzwa kwa fungu. Mwenye jina huuzwa kwa kichwa. Lakini jina peke yake halitoshi, kwa maana mnunuzi makini ana maswali zaidi. Alivuliwa wapi hasa? Ni damu safi au chotara? Je, wako dume na majike wa kutosha kuzaana? Ni wazima, hawana vidonda wala mapezi yaliyoliwa? Ana karatasi za kisheria? Kila swali likikosa jibu, bei inashuka. Fulu mwenye rangi za kupendeza aliyetoka kwenye tangi lenye aina mbalimbali hana thamani kubwa kwa mfugaji wa kweli, kwa sababu aina za fulu huzaana zikichanganywa, na hakuna awezaye kuapa kwamba watoto ni wa nani.

Mchanganyiko huo hutokea hata ziwani. Mwaka wa 1997 watafiti walionyesha kwamba katika maji machafu ya Ziwa Victoria jike haoni vizuri rangi ya dume, basi anakosa njia ya kumtambua wa aina yake. Kwa hiyo udongo na mbolea zinazoingia ziwani zinafuta aina za samaki bila hata wavu kutupwa.

Ndugu zangu, jambo hili ni zito kuliko bei. Ziwa Victoria lilikuwa na aina za fulu zipatazo 500. Mbuta aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na alipoongezeka sana katika miaka ya 1980 inakadiriwa kwamba aina kama 200 zilitoweka. Wazee walio hapa wanakumbuka. Kanyaboli lilinusurika kwa sababu kinamasi cha Yala na mafunjo yake vimelitenga na ziwa kubwa, na mbuta hakupita. Ndiyo maana bado tunao fulu hawa, na pia ngege wa asili, Oreochromis esculentus, ambaye katika ziwa kubwa amekuwa adimu mno. Mwaka wa 2010 Kanyaboli lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Anayetoka hapa na ndoo ya samaki hai bila kibali anavunja sheria, na huenda anabeba kitu ambacho hakipo kwingine.

Basi ukimpata samaki usiyemjua, fanya hivi. Kwanza, mpige picha angali hai, ubavu wote, mapezi yakiwa wazi, na rula pembeni. Pili, andika tarehe, mahali, kina cha maji, na kama chini palikuwa na matope, mawe au mafunjo. Tatu, andika jina mnalomwita kwenu, kwani jina la mvuvi ni ushahidi. Nne, usimchanganye na samaki wa mahali pengine, wala usimwachilie katika ziwa au bwawa jingine. Tano, peleka taarifa kwa BMU na kwa afisa wa uvuvi, ambaye ataifikisha kwa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, KMFRI, iliyo na kituo Kisumu, au kwa Makumbusho ya Taifa, Nairobi.

Na mgeni akija na pesa mkononi, msione haya kumwomba kibali. Uvuvi na biashara ya samaki vinasimamiwa na Sheria ya Usimamizi na Maendeleo ya Uvuvi ya 2016. Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali ilinde rasilimali za kijenetiki za jamii na maarifa yake ya asili. Kenya pia ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka wa 2014, inayosema kwamba anayefaidika na viumbe vya nchi agawane faida na wenyewe. Mgeni mwenye nia njema atakuwa na karatasi. Asiye nazo anataka mumuuzie kwa bei ya fungu kile atakachokiuza kwa kichwa.

Vijana, simu mliyo nayo mfukoni na daftari la shilingi chache vinaweza kumpa samaki jina, na jina likampa bei. Msikubali auzwe kabla hajajulikana.