Mtoto Anayeziba Masikio

(Mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Pugu)



Nimepewa dakika chache kabla ya chakula, nami naijua njaa ya Pugu, kwa hiyo sitazunguka. Alasiri hii tutaamua matumizi ya fedha tulizochanga kwa ajili ya watoto wenye mahitaji maalumu katika shule za msingi za jirani. Mwenzetu mmoja amependekeza tununue miwani ya kompyuta, ile ambayo mtoto akiivaa hujiona yumo ndani ya chumba chenye taa laini, mapovu ya maji yanayopanda na muziki wa taratibu. Chumba chenyewe hakipo, kinaonekana tu. Naunga mkono nia yake, lakini miwani naipinga.

Naomba nianze na nyumbani kwangu. Mwanangu wa pili alipokuwa na miaka 6, kila kengele ya shule ilipolia alijitupa chini na kuziba masikio. Mwalimu wake alimwita mkaidi. Nami, msomi wa chuo kikuu, nilimchapa mara mbili nikidhani namfunza adabu. Baadaye mtaalamu mmoja alinieleza kwamba ubongo wa mtoto yule haupunguzi makali ya sauti kama wangu unavyofanya. Kengele ile kwake ni honi ya lori iliyowekwa sikioni. Wapo na wengine walio kinyume chake, wasiotosheka kwa mguso wala mwendo, ambao hawatulii kitini mpaka warukeruke kwanza. Hali hizi huonekana sana kwa watoto wenye usonji, ingawa si kwao peke yao. Sasa mfikirie mtoto wa namna hiyo katika darasa lililojaa, honi za daladala za Gongo la Mboto nje, na ndege za Kipawa juu ya bati. Fimbo zile mbili sijazisahau.

Vyumba vya kuwatuliza watu wa namna hii vilianzia Uholanzi katika miaka ya 1970, kwa juhudi za Jan Hulsegge na Ad Verheul. Vilienea Ulaya, lakini ni ghali. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, huko Wales, waliwaangalia watoto 41 wenye usonji ndani ya chumba kama hicho, na matokeo yakachapishwa mwaka 2022. Mtoto alipoachiwa kuviendesha vifaa mwenyewe, alikuwa makini zaidi, na vitendo vya kurudiarudia vilipungua. Chumba kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni nani aliyeshika swichi.

Miwani humfunika mtoto macho, na huweza kumtia kizunguzungu. Mtoto asiyevumilia hata lebo ya kola ya shati, ataivumiliaje kofia nzito kichwani? Watengenezaji wenyewe wanakataza watoto wadogo kuivaa. Tena ni ya mtoto mmoja tu, na ikiharibika hakuna fundi hapa mtaani.

Vishikwambi, kwa upande mwingine, tayari vipo. Vile vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa kwa walimu wa shule za Serikali. Mtoto akigusa kioo, mapovu yanapanda. Akiondoa kidole, yanasimama. Umeme ukikatika, betri ipo. Kinachokosekana ni pembe ya darasa yenye pazia, mkeka, vifaa vya kuvaa masikioni, na mfuko wa kitenge uliotiwa mchanga wa kupakatwa mapajani, maana uzito huwatuliza baadhi yao. Hakikosekani kitu kingine ila mtaalamu wa kuwafundisha walimu, wasije wakakifanya kishikwambi yaya.

Mwanangu yuko darasa la sita sasa. Anapozidiwa huingia nyuma ya pazia kwa dakika kumi hivi, kisha hurudi mwenyewe. Husikiliza sauti ya mvua juu ya bati, iliyorekodiwa. Mvua yenyewe bado humwogofya. Hii ya kwenye kishikwambi anaipunguza kwa kidole.

Ndugu Mwenyekiti, napendekeza fedha zetu zinunue mapazia, mikeka na vifaa vya masikioni, na zimlipe mtaalamu kwa mwaka mmoja. Vijana wa hapa wanaosoma kompyuta waombwe kutengeneza programu nyepesi ya mapovu na mvua. Naomba kutoa hoja.